Gundi na Mashine ya Boti

Kwa wiki tatu Gundi alikuwa akiifungua mashine ya boti asubuhi na kuifunga jioni. Majirani wakipita uani kwake wakawa wanamuuliza, "Vipi mzee, mgonjwa hajapona?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Bado."

Mashine yenyewe haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imetumika tu, kama alivyotumika yeye.

Gundi si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi viatu. Miaka arobaini alikaa pembeni ya lango la soko na kiti kimoja, sanduku moja, na kopo la gundi ambalo watu walisema haliishi. Jina likamnata. Mkewe naye alimwita hivyo siku za furaha. Siku za hasira alimwita "wewe fundi."

Mkewe alikufa. Miezi mitatu sasa. Aliumwa tumbo Jumatatu, Alhamisi wakamzika. Gundi hakuwahi kusema zaidi ya hapo juu ya jambo hilo. Aliyetaka maneno zaidi aliyatafuta kwa wengine.

Mama wa marehemu alikuwa ng'ambo ya maji, na wiki ile ile ya msiba alikuwa kitandani. Alianguka akivuka kizingiti, nyonga ikavunjika. Waliomtibu walisema asisimame wala asishtuliwe. Basi ndugu wakakaa chumbani kwa Gundi, viatu vimejaa mlangoni, wakakubaliana: mfupa uunge kwanza, habari itafuata. Kila mwenye safari ya ng'ambo akaonywa aufunge mdomo. Ikabaki nani atakwenda kusema siku ikifika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Macho yote yakamgeukia Gundi.

Shemeji yake, kaka wa marehemu, ndiye aliyelitoa neno. "Wewe ndiye uliyekwenda kumchukua kwa mama, shemeji. Wewe ndiye utakayekwenda kusema."

Gundi akasema, "Sawa."

Neno moja tu, na likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mfupa ukaunga. Salamu zikaanza kuja: mama anatembea na fimbo, mama anakwenda mpaka uani peke yake, mama anauliza mbona mwanangu haji. Kila aliyerudi kutoka ng'ambo alirudi na swali hilo hilo. Gundi akawa anatuma majibu.

Kivuko kilikuwepo. Kilivuka mara moja kwa wiki, Jumamosi saa tatu. Gundi hakukitaka. Kwenye kivuko mabenchi yanatazamana, utakaa saa nzima na nusu watu wakikupa pole usoni. Na nahodha wake ana mdomo usio na breki. Habari kwamba Gundi amekuja kusema ingeruka nchi kavu kabla kamba haijafungwa. Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu.

Ya pili hakuwapa. Mkewe aliiomba boti miaka thelathini. Hakuitaka ya fahari. Alitaka kitu cha kumvusha akimkumbuka mama yake siku ya Jumanne, aende, arudi, asingoje Jumamosi kama mfungwa anayengoja siku ya kutembelewa. "Mwakani," Gundi alikuwa akimwambia. Ukifika mwaka, anasema tena mwakani. Watu husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku hizi Gundi akiusikia msemo huo huondoka mahali hapo.

Kaburi likiwa bado bichi akatoa akiba yote akanunua boti.

Ilikuwa boti kuukuu ya fiba, ndefu kiasi cha kulalwa na watu wawili na nusu. Ilipakwa bluu juu ya nyekundu juu ya kijani, ukiikwaruza unaona umri wake. Aliyemuuzia alikuwa mvuvi aliyeacha kazi kwa ajili ya mgongo. Akaipiga mashine kofi la mapenzi, akamwonyesha tundu dogo kwa nyuma.

"Mashine ikiwaka lazima ikojoe hapa. Inavuta maji chini, inajipoza, inayatoa. Ikikojoa uko salama. Isipokojoa, zima. Usiulize kwa nini. Zima kwanza."

"Kama binadamu," Gundi akasema.

"Binadamu utamsubiri mpaka kesho. Hii haikupi hata dakika tano."

Mfupa ulipounga, Gundi akaisimamisha mashine uani, kwenye mbao mbili, pale mkewe alipokuwa akianika nguo. Chini yake akaweka pipa la maji. Akamwita Spana, fundi wa mashine pale gatini, mtu mzima mwenye tumbo na kicheko, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alitembea na spana mfukoni hata kwenye harusi.

Siku ya kwanza walimwaga oili ya gia. Ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa.

"Maji yanaingia," Spana akasema. "Sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekwisha. Tunaweka mpya, tunaweka oili mpya, unakwenda zako. Kesho jioni uko ng'ambo."

"Plagi je?"

"Plagi nzima."

"Zitoe nizione."

Wakazitoa. Gundi akazipiga brashi mpaka zikang'aa kama vijiko vya wageni. Kesho yake akasema kabureta ina uchafu. Spana akasema haina. Wakaifungua, wakakuta punje moja ya mchanga. Gundi akaishika ile punje kidoleni, akamwonyesha Spana, karibu acheke. Kila kasoro aliyoipata aliipokea kama mgeni aliyengojwa. Kamba ya kuwashia ina uzi uliolegea, ibadilishwe. Mpira wa petroli una ufa, ukatwe. Grisi ya pangaboi imekauka. Mkono wa gia unacheza.

"Mzee," Spana akamwambia siku ya sita, "hata mtu ukimfungua hivi utamkuta na kasoro. Funga boti majini uende."

"Nikifa njiani?"

"Wewe? Umri huu kifo kinakujua, kingekufuata hapa hapa."

Mvua ilipotishia, Gundi aliiingiza kazi ndani. Alitandika shuka la mkewe sakafuni, akapanga nati na bolti juu yake kwa safu, maana chuma kidogo kikidondoka kwenye shuka hakipotei. Oili ikavuja. Doa likaenea kiasi cha kiganja. Akaliona baada ya kazi. Akalifua shuka mara tatu kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu, doa likafifia, halikutoka. Akalikunja doa likiwa ndani, akalirudisha sandukuni.

Wiki ya tatu ndipo Spana alipofungua pampu ya maji, chini kabisa kwenye mguu wa mashine. Akatoa impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa sita, hicho ndicho kinachosukuma maji. Mabawa mawili yalikuwa yamepasuka na yaliyobaki yamekuwa magumu kama ganda la muhogo.

"Hii sasa ni kasoro ya kweli," akasema. "Hongera, umeipata. Lazima iagizwe. Siku kumi."

"Siku kumi," Gundi akasema.

Zilimpendeza. Usiku ule alilala usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya pili ya zile kumi, Jumatano, shemeji akaja.

Shemeji alikuwa karani, mtu wa shati la pasi, asiyekaa mahali kabla hajapapangusa. Akapiga hodi, akaingia, akatafuta pa kukaa. Kila kiti kilikuwa na chuma juu yake. Akabaki amesimama.

"Shemeji, mashine hii ina nini?"

"Pampu ya maji."

"Wiki iliyopita ilikuwa nini?"

"Mkono wa gia."

"Na kabla ya hapo?"

Gundi akafuta mikono kwa kitambaa. "Oili ya gia."

"Na wiki ijayo, shemeji? Meno?"

Gundi akakikunja kitambaa.

"Jumamosi iliyopita mama alinitumia mtu," shemeji akasema, na sauti yake ya ofisini ikamvunjikia. "Anasema kama mwanawe amemkasirikia, aambiwe amemkosea nini, amwombe radhi. Unanisikia? Mama yangu anamwomba radhi marehemu."

"Nimesikia."

"Jumamosi navuka na kivuko. Nitamwambia mimi."

"Nilisema nitakwenda mimi."

"Ulisema. Nilikuwepo. Jumamosi." Akatoka. Mlangoni akageuka, akasema kwa upole uliouma kuliko ukali, "Mimi pia nimefiwa, shemeji. Sikupata mashine ya kujifichia."

Gundi alikaa kitako mpaka chai ikapoa. Maneno yale yalikuwa ya kweli, na ukweli ukisemwa na mtu mdogo kwako huwasha mara mbili. Kisha akaliona jambo moja waziwazi: habari ile, kama ikisemwa na mtu mwingine, yeye hatakuwa na uso wa kuingia katika nyumba ile tena. Alimchukua binti wa watu kwa mdomo wake mwenyewe, akiahidi. Hakumrudisha hata mara moja kwa chombo chake. Akishindwa hata kumrudisha kwa maneno, atakuwa amemchukua kama mwizi.

Basi akavuta sanduku lake la kazi.

Alichagua soli ya tairi, ile nzito, ya kandambili za wachukuzi. Akaiweka impela mbovu juu yake, akachora kwa chaki, akanoa kisu. Kwa kazi ya mpira Gundi hakuwa na mpinzani. Mkono wake ulikata bila kuulizwa. Alikata bawa moja moja, akalilainisha kwa msasa, akatoboa katikati, akapachika kile kishikizo cha shaba kutoka kwenye impela ya zamani kwa gundi yake mwenyewe, akakibana kwa uzi wa nailoni. Alhamisi saa sita ilikuwa tayari, nzuri ya kuonyeshwa.

Spana akaigeuza mkononi. Hakucheka.

"Mzee, hii si kandambili."

"Mpira ni mpira."

"Wa impela unajikunja, unarudi. Huu wako umetengenezwa usijikunje. Utakwenda kama mzee anayepanda ngazi. Halafu kuna moto mle ndani."

"Nimewavika watu wa mji huu miaka arobaini. Nani alirudi pekupeku?"

"Hakuna. Lakini walitembea juu ya nchi kavu."

"Funga, fundi."

Spana akafunga. Wakaiwasha kwenye pipa. Mashine ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Wote wawili wakainama kwa nyuma kutazama tundu. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha ukatoka uzi mwembamba wa maji, ukakatika, ukarudi.

"Inakojoa!" Gundi akasema.

"Inakojoa kama mimi na wewe," Spana akasema. "Kwa kubembelezwa. Mzee, kwenye pipa kila mtu ni nahodha. Ngoja ile halisi."

"Jumamosi haingoji."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa majini. Alivaa shati jeupe. Mbele aliweka dumu la petroli, nyuma yake kasia moja ambalo mvuvi alimwachia bure. Maji yalikuwa yametulia. Alijipangia maneno. *Mama, nimekuja na habari mbaya.* Hapana, hiyo itamshtua kabla hajakaa. *Mama, mwanao alikuwa akiumwa.* Hiyo ni uongo nusu. *Mama, Mungu amechukua chake.* Hiyo alikwisha kuambiwa yeye na watu mia, na kila mara alitamani kuwapiga. Akayaacha maneno akatazama tundu. Uzi wa maji ulikuwa ukitoka, mwembamba, lakini ukitoka.

Nusu ya njia akasikia harufu.

Hakuna aliyeijua harufu ile kuliko yeye. Ilikuwa harufu ya soli iliyosogezwa mno kwenye jiko. Akageuka. Tundu lilikuwa kavu. Badala ya maji ulitoka mvuke kidogo, kisha na wenyewe ukakoma.

Zima, usiulize. Alijua. Akatazama mbele, ng'ambo ilionekana, mabati ya nyumba yakimetameta. Akatazama nyuma, kivuko hakijaondoka. Akazima sasa, kivuko kitampita. Akaamua mashine ivumilie, kama yeye alivyovumilia. Akaongeza moto.

Haikuvumilia. Ilipiga kelele moja kama bati linalochanwa, ikanyamaza. Akavuta kamba ya kuwashia, kamba ikakataa. Chuma kimeshika chuma. Kazi ya wiki tatu, plagi zilizong'aa, kabureta isiyo na punje, vyote vikawa jiwe la kuning'inia nyuma ya boti.

Akashika kasia.

Mtu mmoja na kasia moja kwenye boti ile pana ni kazi ya kuzunguka. Unapiga kulia inageuka kushoto. Viganja vilivyozoea kisu na sindano vikachubuka kabla hajaenda mbali. Kivuko kikamkuta hapo, karibu saa nne, kikaja kwa sauti yake nzito, watu wamejaa upande mmoja kumtazama. Nahodha akapunguza.

"Gundi! Mashine imekufia?"

"Imekufa."

"Shika kamba tukuvute!"

Shemeji alikuwa mbele kabisa, shati la pasi, ameshika chuma cha pembeni. Yeye ndiye aliyeitupa kamba. Ikatua ndani ya boti, miguuni pa Gundi.

"Ishike, shemeji," akasema, bila ukali. "Twende pamoja."

Gundi akaitazama kamba. Akazitazama nyuso zile kwenye mabenchi, zenye huruma, zenye kutaka kujua. Akaiokota kamba, akairudisha majini.

"Nendeni. Nakuja."

"Shemeji!"

"Nimesema nendeni."

Kivuko kikaondoka, mawimbi yake yakaitikisa boti. Na hapo, peke yake, Gundi akasikia kitu kikimshuka kifuani, chepesi, kizuri. Ilikuwa nafuu. Atakapofika itakuwa imekwisha kusemwa. Atakuta vilio, ataingia katikati yake kama watu wote, hakuna atakayemuuliza kitu. Alipoitambua ile nafuu ni nini, alitema mate majini. Lakini haikutoka. Alipiga kasia nayo ikiwa ndani yake mpaka nchi kavu.

Alifika saa nane na kitu. Alitembea ile njia kutoka gatini akisikiliza. Hakusikia kilio. Kuku, redio ya jirani, mtu anakata kuni. Akaharakisha, kisha akapunguza.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, fimbo magotini, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Kando yake kwenye benchi alikaa shemeji, kikombe cha chai mkononi, chai yenyewe imepiga utando.

"Nani huyo?" mama akauliza. Macho yake hayakuwa mazuri tena.

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Mimi nani?"

"Mkweo."

"Marahaba." Akamwelekezea fimbo mwanawe. "Huyu amefika tangu saa nne na nusu. Hali, hanywi. Nikimuuliza anasema mwenye habari yuko majini anakuja. Nikamwambia basi tumngoje." Akaishusha fimbo. "Umechelewa, mkwe wangu."

Gundi akamtazama shemeji. Shemeji akainamia kikombe.

Ile nafuu ikakatika kama uzi.

"Haya," mama akasema. "Umekwisha kufika. Sema."

Alisimama mbele yake na shati lililolowa, viganja vinavuja damu. Maneno yote aliyoyapanga hayakuwepo. Likawepo moja.

"Amekufa, mama."

Mama hakupiga kelele. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeletewa kitu alichokwisha kukiona kwa mbali.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu huu."

Mama akaishika fimbo kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa ikienda, akihesabu kitu, au akisali. Kisha akauliza, "Ile salamu ya kwamba ana mafua, akipona anakuja. Ilitoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Na ile ya kwamba amenenepa?"

"Kwangu, mama."

"Na ya gauni? Kwamba ananishonea gauni la mifuko miwili?"

"Kwangu."

"Mifuko miwili uliijuaje?"

"Alikuwa akisema unaipenda."

Shemeji akaweka kikombe chini, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika. Ndipo jirani aliyekuwa akikata kuni akaacha shoka.

Mama akasimama kwa fimbo, akakataa kushikwa. Kwenye kizingiti akasimama kidogo, kile kile kilichomvunja nyonga, akakivuka mguu mmoja baada ya mwingine. Akaongea akiwa ndani, amewapa mgongo.

"Mpeni maji anawe mikono. Mpeni chakula, ametoka mbali. Akishiba aende."

Wakamletea. Akanawa, maji yakageuka mekundu kwenye beseni. Akala peke yake kwenye benchi, watu wakaanza kuingia mmoja mmoja wakimpita, na kilio kikapanda ndani ya nyumba. Alikula polepole mpaka akamaliza sahani nzima, punje kwa punje, maana alikuwa anaogopa kuinua kichwa.